Aliyeanguka Akiwa na Miaka Mitano

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Sam. 4:4, 2 Sam. 9, 2 Sam. 16:1–4; 2 Sam. 17:27–29, 2 Sam. 19:24–30, Yn. 9:1–3, 2 Kor. 12:7–10, Yer. 31:8, Isa. 35:3–6.

Fungu la Kukariri: 2 Samweli 9:7. Likariri kutoka katika Biblia yako, ukiangalia mambo matatu ambayo Daudi anamwahidi Mefiboshethi: asiogope, arudishiwe mashamba, na ale mezani pa mfalme daima.

Mtoto anapanda mwembe, tawi linakatika. Mwingine anavuka barabara kutoka shuleni, pikipiki inamgonga. Wa tatu anapata kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, na kabla wazazi hawajajua ni ugonjwa gani, miguu imekufa ganzi. Uti wa mgongo ukijeruhiwa, ujumbe kati ya ubongo na sehemu za chini za mwili hukatika, na mara nyingi haurudi tena.

Zamani wengi wa namna hiyo hawakuishi muda mrefu. Waliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler, alianza kuonyesha kwamba wagonjwa hawa wanaweza kuishi na kufanya kazi, wakigeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, wakitunzwa kibofu na wakifanyishwa mazoezi. Leo mtoto aliyeumia akiwa na miaka mitano anaweza kufikisha miaka hamsini na zaidi.

Kanisa limezoea kumtembelea mtoto wodini. Je, limejiandaa kuishi na mtu mzima? Biblia inatupa kisa cha mtu mmoja aliyeumia utotoni, na inamfuata hadi anapokuwa baba, mwenye shamba, na mtu mwenye neno la kusema mbele ya mfalme.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Haraka ya Mlezi

Soma 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi aliumiaje? Ni nani alikuwa amembeba, na kwa nini alikuwa anakimbia?

Aya hii moja imewekwa katikati ya habari nyingine. Sura yote inaeleza jinsi Ishboshethi, mwana wa Sauli, alivyouawa akiwa amelala kitandani mwake. Mwandishi anasimama kidogo kutuonyesha ni nani mwingine aliyebaki katika nyumba ya Sauli: mtoto ambaye asingeweza kushika upanga wala kukimbia. Habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika kutoka Yezreeli, mlezi wake alimbeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka. Biblia haitaji mfupa uliovunjika. Inataja matokeo tu: tangu siku hiyo hakuweza kutumia miguu yake yote miwili.

Angalia kwamba Biblia haimlaumu mlezi. Hakuwa mzembe. Katika siku zile, nyumba ya mfalme iliyoshindwa ilikuwa nyumba ya kuuawa, na mwanamke huyu alikuwa anajaribu kuokoa uhai. Aliuokoa. Lakini aliuokoa kwa gharama ambayo mtoto aliilipa maisha yake yote.

Wako wazazi, dada na bibi katika makanisa yetu wanaobeba mzigo wa mlezi huyu. "Ningemshika mkono." "Nisingemtuma dukani." Mtoto anakua na kuwa mtu mzima, naye anabeba mizigo miwili: ulemavu wake, na huzuni ya mama ambaye hajajisamehe. Wengine wanaongezewa mzigo wa tatu, pale majirani wanaponong'ona kwamba kuna laana, au kwamba mtoto amerogwa.

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walitaka kujua nini, na Yesu aliwajibuje?

Wanafunzi walitafuta mkosaji. Yesu alikataa kumtaja mzazi, akakataa kumtaja mtoto. Aliwageuza kutoka kwenye swali la nyuma, "Nani alisababisha?", kwenda kwenye swali la mbele, "Mungu anataka kufanya nini hapa?" Yeye anayejua chanzo cha kila jeraha hakuona faida ya kumtwisha hatia mtu ambaye tayari ameumia.

Je, yuko mtu katika kanisa lenu anayejilaumu kwa ajali iliyompata mtoto miaka mingi iliyopita? Unaweza kumwambia neno gani kutoka katika Yohana 9 bila kumfungua kidonda upya?

JUMATATU

Miaka ya Lo-debari

Soma 2 Samweli 9:3–5 na 2 Samweli 17:27–29. Mefiboshethi aliishi kwa nani? Mtu huyo anaonekana tena wapi, naye anafanya nini?

Kati ya kuanguka kwa Mefiboshethi na kuitwa kwake na Daudi kuna miaka ambayo Biblia haisemi lolote. Tunakuta tu kwamba yuko Lo-debari, ng'ambo ya Yordani, katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli.

Miaka hiyo ya kimya ndiyo migumu. Mtoto aliyeumia uti wa mgongo hatoki hospitali akiwa amemaliza safari. Anapokua, mgongo wake huelekea kupinda upande, kwa sababu misuli ya kuushika haifanyi kazi sawasawa. Ngozi isiyosikia maumivu hupata kidonda akikaa muda mrefu bila kujiinua. Kwa wengi, mkojo hautoki wenyewe, hivyo hujifunza kuutoa kwa mpira safi kila baada ya saa nne hadi sita, nyumbani, shuleni na safarini. Na kwa kuwa mikono inafanya kazi ya miguu, kusukuma kiti cha magurudumu na kujihamisha kitandani, mabega huanza kuuma na kuchoka mapema kuliko ya wenzake. Mtu wa miaka arobaini anaweza kukuta kwamba kazi aliyoifanya kwa urahisi akiwa na ishirini sasa inamshinda. Watu humwambia, "Si umeshazoea?" Amezoea, ndiyo. Lakini mwili wake hauko pale pale.

Shule ni mlima mwingine. Wengi hawakuachwa nyuma kwa kukosa akili. Waliachwa kwa sababu darasa lilikuwa na ngazi, au kwa sababu choo cha shule kilikuwa cha kuchuchumaa na hakuna aliyeweza kuwasaidia kwa heshima.

Makiri hakuwa mfalme. Alikuwa mtu mwenye nyumba, naye aliifungua. Miaka baadaye, Daudi alipomkimbia Absalomu, Makiri huyu huyu alikuwa mmoja wa watu watatu waliomletea mfalme vitanda, mabakuli, vyombo na vyakula. Mtu aliyemtunza mgonjwa nyumbani kwake anajua kwamba mchovu anahitaji kitanda na beseni kabla ya hotuba. Mungu aliandika jina lake mara zote mbili.

Ni nani "Makiri" katika kanisa lenu, mtu anayemtunza ndugu mwenye ulemavu bila kutajwa mbele ya kusanyiko? Ni lini mara ya mwisho mtu alimpumzisha hata kwa siku moja?

JUMANNE

Aliitwa kwa Jina

Soma 2 Samweli 9:1–13. Linganisha jinsi Siba anavyomtaja Mefiboshethi (aya ya 3) na jinsi Daudi anavyomwita (aya ya 6). Tofauti ni ipi?

Daudi anauliza kama yuko mtu wa nyumba ya Sauli. Siba anajibu kwamba yupo mwana wa Yonathani, naye ni mlemavu wa miguu. Anataja baba na anataja ulemavu, lakini jina halitaji. Ndivyo watu wengi wanavyojulikana mitaani hadi leo: "yule wa kiti", "yule kiwete wa kwa fundi". Mefiboshethi anapofika na kuanguka kifudifudi, neno la kwanza kutoka kinywani mwa mfalme ni jina lake.

Angalia pia jinsi Mefiboshethi anavyojiona. Katika aya ya 8 anajilinganisha na mbwa mfu. Hakuzaliwa na mawazo hayo. Miaka ya kufichwa ilimfundisha. Daudi habishani naye. Anamjibu kwa vitendo vitatu.

Kwanza, anamwondolea hofu. Pili, anamrudishia mashamba yote ya Sauli, babu yake, pamoja na watu wa kuyalima: Siba, wanawe kumi na watano na watumishi wake ishirini. Hii haikuwa sadaka. Ilikuwa haki yake ya urithi. Tatu, anampa kiti mezani, kama mmoja wa wana wa mfalme. Yote haya yanatoka katika agano ambalo Daudi alifanya na Yonathani (1 Sam. 20:14–17). Daudi hakusukumwa na huruma ya siku moja. Alikuwa anatimiza neno lake.

Yerusalemu palikuwa na msemo kwamba vipofu na viwete hawataingia nyumbani (2 Sam. 5:8). Sura nne baadaye, mtu huyu anakula nyumbani mwa mfalme kila siku. Na sura inafungwa kwa kurudia kwamba alikuwa bado amelemaa miguu yote miwili. Hakuponywa kwanza ndipo akakaribishwa. Alikaribishwa jinsi alivyo, akakaa.

Aya ya 12 inaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: Mefiboshethi alikuwa na mwana mdogo, jina lake Mika. Alikuwa baba. Mara nyingi jamii humwona mtu mwenye ulemavu kama mtoto asiyekua, asiyetakiwa kufikiri juu ya ndoa. Wanawake wengi walioumia uti wa mgongo huweza kushika mimba na kuzaa, wakiwa na uangalizi wa daktari. Wanaume wengine huhitaji msaada wa kitabibu ili wapate watoto, na wengine hulea watoto wasio wa damu yao. Nyumba ya Mefiboshethi haikuishia kwake. Katika 1 Mambo ya Nyakati 8:34–40 anaitwa Merib-baali, na wazao wake wanatajwa hadi wapiga upinde mashujaa.

Injili inatuambia kwamba na sisi tumeketishwa mezani kwa sababu ya agano lililofanywa na Mwingine. Ukweli huo unabadilishaje namna unavyomtazama anayeketi karibu nawe?

JUMATANO

Siba na Punda

Soma 2 Samweli 16:1–4 na 2 Samweli 19:24–30. Siba alimwambia Daudi nini? Mefiboshethi alijiteteaje? Daudi aliamuaje?

Mfalme anakimbia. Siba anamkuta njiani na punda waliotandikwa, mikate mia mbili, zabibu, matunda na divai. Anasema kwamba bwana wake amebaki Yerusalemu akingojea ufalme. Daudi, akiwa amechoka na ameumizwa na mwanawe mwenyewe, anampa Siba mali yote papo hapo. Hakumsikiliza Mefiboshethi.

Daudi anaporudi, Mefiboshethi anakuja kumlaki. Hakuwa ametunza miguu yake, wala kukata ndevu, wala kufua nguo tangu siku mfalme alipoondoka. Maelezo yake ni mafupi: alitaka kutandikiwa punda ili aende na mfalme, kwa sababu yeye hawezi kutembea, na mtumishi wake akamdanganya.

Hapa ndipo kisa hiki kinapogusa maisha ya kila siku. Mtu anayehitaji msaada wa mwingine ili aondoke nyumbani yuko mikononi mwa huyo mwingine. Anayeshika punda ndiye anayeamua nani afike mbele ya mfalme. Leo punda huyo ni kiti cha magurudumu, namba ya siri ya simu yenye pesa, au hati ya shamba iliyowekwa "kwa usalama" kwa kaka mkubwa. Wako ndugu waaminifu wengi, Mungu awabariki. Lakini wako akina Siba pia, wanaopokea misaada kwa jina la mtu ambaye haioni.

Kosa la Daudi nalo ni la kawaida. Alipokea habari za mtu kutoka kwa msaidizi wake. Ndivyo tunavyofanya mlangoni mwa kanisa tunapomuuliza anayesukuma kiti, "Anaendeleaje?", wakati mwenyewe ameketi pale, anasikia, na ana kinywa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua haki yao ya kumiliki na kurithi mali na kusimamia fedha zao. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini sheria hizi humfikia mtu pale tu mwenzake anapomsikiliza. Daudi mwishoni aliamua shamba ligawanywe nusu kwa nusu. Biblia haituambii kama uamuzi ule ulikuwa wa haki. Inatuonyesha tu moyo wa Mefiboshethi: Siba na achukue yote, mradi mfalme amerudi salama.

Soma Mithali 31:8, 9. Kuna tofauti gani kati ya kumsemea mtu asiyeweza kusema na kusema mahali pa mtu ambaye anaweza kujisemea?

ALHAMISI

Mwiba Usioondolewa

Soma 2 Wakorintho 12:7–10. Paulo aliomba mara ngapi? Alipewa jibu gani?

Mtu mzima aliyeumia akiwa mtoto ameombewa mara nyingi. Ameombewa na wazazi, na wachungaji, na kila mhubiri wa mkutano wa hadhara aliyepita mjini. Wengine walimshika mikono na kumwambia asimame. Asiposimama, waliondoka wakisema imani yake ni ndogo. Jeraha hilo halionekani kwenye picha ya hospitali, lakini wengi wanasema lilichelewa kupona kuliko yote.

Tunaamini Mungu anaponya. Yakobo 5:14, 15 bado imo katika Biblia, na mgonjwa akiita wazee wa kanisa, waende. Lakini Paulo aliomba mara tatu, akajibiwa kwamba neema inatosha. Hakuna aliyemwambia Paulo kwamba imani yake ni haba. Jibu la Mungu halikuwa kumpuuza. Uweza wa Kristo ulikuwa ukae juu yake pale pale penye udhaifu.

Tuwe waangalifu pia tusigeuke upande wa pili, tukamwambia mtu kwamba ulemavu wake ni zawadi, au kwamba Mungu alimwangusha ili amfundishe. Biblia inauita mwiba. Inaruhusu mtu aseme kwamba unachoma.

Soma Yeremia 31:8 na Isaya 35:3–6. Katika mafungu haya mawili, viwete wanaonekana katika hali gani tofauti?

Katika Isaya, mtu aliyekuwa kiwete anaruka kama kulungu. Hilo ndilo tumaini letu la ufufuo, Kristo atakapoubadili mwili huu wa unyonge (Flp. 3:20, 21). Katika Yeremia, Mungu anawarudisha watu wake kutoka uhamishoni, na kipofu na kiwete wamo safarini pamoja na wajawazito, kabla ya uponyaji wowote kutajwa. Kanisa linaishi kati ya mafungu haya mawili. Tunangojea Isaya 35, na wakati huo huo tunatembea kwa mwendo wa Yeremia 31, mwendo ambao wote wanaweza kufika.

Ungempa jibu gani kijana anayekuuliza, "Nimeombewa tangu nikiwa mdogo. Niendelee kuomba nini sasa?"

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma simulizi la mtu mwenye kupooza katika kitabu cha Ellen G. White, *Tumaini la Vizazi Vyote*, uone jinsi Yesu alivyoanza na amani ya moyo wake.

Mwandishi huyo mwenyewe aliumia akiwa mtoto. Akiwa na miaka tisa, huko Portland, Maine, msichana mmoja alimpiga jiwe usoni, akazirai kwa majuma matatu. Sura yake ilibadilika, mikono ikatetemeka asiweze kuandika vizuri, na masomo yake ya shule yakakatika. Halikuwa jeraha la uti wa mgongo, lakini alijua maana ya kuwa mtu mzima katika mwili ulioumizwa utotoni. Aliishi hadi miaka 87, akaandika maelfu ya kurasa.

Upendo una mambo ya kujua. Njia mteremko ya kuingilia kanisani isiwe kali: kwa kila sentimita moja ya kupanda, iwe na urefu wa sentimita kumi na mbili. Mlango wa choo uruhusu kiti kupita. Ndugu akijiinua kitini au kuegemea upande kila baada ya dakika chache wakati wa hubiri, hachoki na neno. Analinda ngozi yake. Katika huduma ya kutawadha miguu, pima maji kwa kiwiko chako kwanza, kwa sababu miguu isiyosikia inaweza kuungua bila yeye kujua, kisha ikaushe taratibu. Kabla ya ubatizo, muulize mwenyewe abebwe vipi. Maji baridi yanaweza kuifanya misuli ikaze ghafla. Na aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo akishikwa ghafla na kichwa kinachogonga na jasho usoni, mketishe wima, legeza nguo na viatu, angalia kama kibofu kimejaa au mpira umejikunja, na kama haipoi upesi mpeleke hospitali. Shinikizo la damu linaweza kuwa limepanda kwa hatari.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu mwenye ulemavu katika kanisa lenu ana huduma gani? Je, anaitwa kuhubiri, kufundisha darasa, kushika hazina, au anaitwa tu siku ya kupokea msaada?

2. Mefiboshethi alirudishiwa mashamba pamoja na watu wa kuyalima. Kwa nini yote mawili yalihitajika? Kanisa linawezaje kusaidia mtu kupata kipato chake mwenyewe badala ya kumpa chakula tu?

3. Daudi alimtafuta Mefiboshethi. Hakungoja aje. Je, kuna washiriki waliofichwa nyumbani katika eneo lenu? Panga na darasa lako nani atakwenda, lini, na kwa ruhusa ya nani.

4. Pitia jengo la kanisa lenu Sabato hii, kutoka barabarani hadi mimbarani, ukijiuliza ni wapi mtu wa kiti cha magurudumu angekwama. Kama yuko mmoja katikati yenu, mwombe yeye ndiye aongoze ukaguzi huo.